Maboresho ya bustani na viwanja vya wazi Tanga: kamati ianzie wapi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Makorora, jijini Tanga. Ameteuliwa kuingia katika kamati ya kata itakayopendekeza namna ya kuboresha bustani, viwanja vya wazi na shughuli za michezo na burudani. Katika kikao cha kwanza wajumbe walitaja chemchemi ya maji, uzio wenye geti na kiingilio, nyasi za kijani na bembea za watoto. Anauliza waanzie wapi, na waweke nini mbele ilhali fedha ni kidogo.

Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na nafurahi kwamba limekuja mapema, wakati kamati bado haijapeleka mapendekezo yake popote. Mambo waliyoyataja wenzako si mabaya, lakini yote ni vitu vya kujenga, na mpango ulioanza na vitu vya kujenga mara nyingi nguvu zake huisha siku ya uzinduzi. Ningeishauri kamati igeuze utaratibu: ijue kwanza maeneo yapi yapo na ni ya nani, kisha ni akina nani wanaoyatumia na akina nani hawafiki kabisa, kisha ipange ratiba ya shughuli na fedha ya utunzaji, na mwisho ndipo ichague cha kujenga.

Orodha ya maeneo ndiyo kazi ya kwanza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban 273,000 katika Jiji la Tanga, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 393,000. Katika mji unaokua kwa kasi hiyo, eneo la wazi lisilo na mipaka inayojulikana halikai wazi kwa muda mrefu. Huanza kibanda kimoja pembeni, ikafuata gereji, ukafuata ukuta, na watoto wakahamia barabarani. Nendeni kwa afisa mipango miji mkaangalie michoro ya kata, mwone ni viwanja gani vimetengwa kwa ajili ya michezo na mapumziko, vipi vimepimwa na kuwekewa bikoni, yaani alama za mipaka, na vipi vimebaki kwenye karatasi tu. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kwa hiyo matumizi ya eneo hayabadiliki kwa makubaliano ya pembeni baina ya kiongozi wa mtaa na mfanyabiashara. Kamati yenye orodha iliyoandikwa vizuri inaweza kulisema hilo mbele ya diwani bila woga.

Orodha itaje pia mmiliki, maana si kila uwanja ambao wananchi wanauita wao ni wa halmashauri. Mkwakwani, ambako Coastal Union hucheza, ni uwanja wa CCM. Ufukwe nao una masharti yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na anayetaka kujenga vyoo au mgahawa kwenye ufukwe wa Raskazone inampasa afahamu hilo kabla hajamlipa mchoraji. Viwanja vya shule, kwa maoni yangu, ni hazina kubwa inayopuuzwa. Vimeshapimwa, viko karibu na nyumba za watu, na kuanzia alasiri hadi magharibi vingi hukaa vitupu. Wewe mwenyewe ni mwalimu na unajua hofu ya mkuu wa shule: vioo vikivunjika, au mtoto akiumia, nani ataulizwa? Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni makubaliano ya maandishi yanayotaja siku, saa, anayefunga geti, anayesimamia na kasma, yaani fungu la bajeti, itakayolipia matengenezo.

Baada ya orodha, pimeni umbali. Lengo namba 11.7 la Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa linataka ifikapo mwaka 2030 watu wote, hasa wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu, wayafikie maeneo ya umma yaliyo salama na yenye kijani. Katika kulipima lengo hilo UN-Habitat, shirika la umoja huo linaloshughulikia makazi, hutumia umbali wa mita 400 kwa miguu, yaani mwendo wa kama dakika tano. Ngamiani, ambako barabara zimenyooka na zina namba, kazi hiyo mnaweza kuifanya kwa kutembea na kuweka alama kwenye ramani. Kwingine tahadharini na duara la mita 400 linalochorwa mezani juu ya ramani, kwa sababu mtoto wa miaka minane hapai kama kunguru. Akikuta reli au barabara ya kwenda Segera mbele yake, uwanja ulio mita 200 ng'ambo ni sawa na uwanja usiokuwepo. Naamini mkilifanya zoezi hili kwa uaminifu mtakuta kwamba eneo la katikati ya mji, lenye Bustani ya Jamhuri inayotazama bandari na Bustani ya Uhuru, lina nafuu kubwa kuliko mitaa ya pembezoni kuelekea Pongwe au Maweni. Hapo kamati itapaswa kuamua kama fedha iende kupamba palipo na kitu au kufungua pasipo na kitu, na mimi nachagua pasipo na kitu, hata kama picha zake hazitapendeza sana katika taarifa ya mwaka.

Sasa hesabuni watu. Chagueni viwanja vichache, mpeleke vijana wawili wawili wenye karatasi, asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko, waandike ni wangapi waliopo, wanaume au wanawake, watoto, watu wazima au wazee, na wanafanya nini: wanacheza, wamekaa, wanapita njia, wanauza. Rudieni hesabu hiyo wakati wa Ramadhani, kwa sababu katika mji wa pwani saa za watu kutoka nje hubadilika kabisa mwezi huo. Karatasi hizo zitawaonyesha jambo ambalo mkutano wa hadhara hautawaambia. Kwenye mkutano husimama wanaume na vijana wa timu, wakaomba magoli na jezi. Mama mwenye mtoto mgongoni hasimami, na msichana wa miaka kumi na nne hata kuja haji. Hao wafuateni walipo: kliniki, sokoni, kwenye vikoba, madrasa, na kwako shuleni. Waulizeni swali moja la msingi, kwamba ni kitu gani kinachowazuia kufika. Majibu mtakayoyapata nayatarajia kuwa ya kawaida sana, kama choo, giza, jua kali, maneno ya vijana njiani na kukosa pa kukaa, na yote hayo yana tiba isiyo ghali.

Suala la wasichana linahitaji hesabu ya mita za mraba, kwa sababu bila namba hubaki kuwa maneno mazuri. Uwanja wa mpira wa miguu wa kipimo cha kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25, yaani takriban mita za mraba 465. Nafasi ya uwanja mmoja wa mpira ingetosha viwanja vya netiboli kumi na tano kwa hesabu ya mita peke yake, na hata ukiacha njia za kupita na nafasi za pembeni bado ni vingi. Sisemi mpira uondolewe. Tanga ni mji wa Coastal Union na African Sports, na anayegusa uwanja wa mpira bila kushauriana na wenyewe hatasikilizwa tena kwa jambo lolote. Ninachosema ni kwamba, uwanja mkubwa ukiwa mmoja tu katika kata, na vijana ishirini na wawili wakiwa ndani yake kila jioni, jiji limewapa hao karibu nafasi yote ya wazi na kuwaacha wengine wote wakiwa watazamaji. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuchora viwanja vya netiboli na mpira wa wavu na eneo la watoto wadogo kando ya uwanja tangu mwanzo, wala si kwa mabaki. Ya pili ni ratiba inayobandikwa ubaoni na kusainiwa na viongozi wa timu, yenye jioni ambazo uwanja mkubwa ni wa wasichana, na msimamizi anayelipwa kuhakikisha kwamba inafuatwa.

Kivuli ndicho ninachokitilia mkazo kuliko kitu kingine chochote cha kuonekana kwa macho. Wajumbe wameomba nyasi, lakini nyasi katika joto la Tanga zinataka maji miezi yote ya kiangazi, na hakuna anayekaa juu yake saa nane mchana. Mtu hukaa chini ya mti. Angalieni bustani yoyote ya pwani saa za mchana, mtaona benchi la juani halina mtu, na jiwe lililo chini ya mwembe lina watu watano. Kwa hiyo miti ipangwe kwanza, na mabenchi, njia na bembea vifuate kivuli. Karibu na bahari, ambako upepo wa chumvi huunguza majani, mkungu, mtondoo na mvinje hustahimili vizuri. Ndani zaidi ya mji mwarobaini, mkwaju, mzambarau na mwembe vinafaa, ingawa mzambarau usipandwe juu ya njia iliyosakafiwa kwa sababu ya matunda yake. Ile miti myembamba ya mashoki inayopandwa kila ofisi inapendeza kwa kusimama wima, lakini kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja. Minazi nayo isiwe juu ya mabenchi wala mahali pa watoto, kwa sababu nazi na makuti vinaanguka. Pandeni mvua za masika zinapoanza, mwezi Machi au Aprili, na katika mkataba wa upandaji andikeni kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya miche kuvuka kiangazi mara mbili ikiwa hai. Masharti hayo hubadilisha bidii ya mkandarasi kuliko hotuba yoyote.

Kuhusu bembea nitakuwa mfupi. Hewa ya bahari hula chuma, hivyo mabomba na nati viwe vya chuma kilichochovywa kwenye zinki, visiwe vya kupakwa rangi tu. Chini yake kuwe na mchanga laini wa kina cha sentimeta 30 hivi, usiwe zege. Na sehemu ya kuteleza isielekezwe kwenye jua la mchana, kwa sababu bati lenye joto huwaunguza watoto mapaja. Njia ziwe na upana wa mita 1.5 au zaidi, na mahali pa kupanda, mteremko usizidi mita moja ya kimo kwa kila mita 12 za urefu, ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa.

Uzio na kiingilio siviungi mkono. Najua sababu ya wenzako: wanataka usafi na usalama, na wanaona kwamba palipofungwa ndipo palipo safi. Lakini usafi huo unatokana na mtu anayelipwa kufagia, wala hautokani na geti. Kiingilio, hata kikiwa shilingi mia chache, humzuia mama mwenye watoto wanne na mzee anayekuja kucheza bao kila siku, yaani wale wale ambao bustani ya umma ilitengwa kwa ajili yao. Ukuta mrefu nao huficha ndani, na mahali palipofichwa wanawake hawapaamini jioni. Wekeni ua mfupi au nguzo za kuzuia pikipiki na magari, taa kwenye njia, na mlinzi anayejulikana kwa jina. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo pawe na mahali pa kuzifungia karibu na mlinzi huyo. Jambo dogo, lakini kwa wengi ndilo litakaloamua kama watakuja au watapita.

Wauzaji wa kahawa, mihogo na madafu wasifukuzwe. Wao ndio macho ya eneo, na mtu akishapata kahawa na kashata anakaa zaidi. Bustani ya Forodhani ya Unguja, iliyokarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, ilibaki na soko lake la chakula cha usiku, na soko hilo limekuwa sehemu ya sifa yake. Kinachotakiwa ni idadi inayojulikana, mahali palipochorwa, maji, pipa la taka na ada ndogo ya mwezi yenye stakabadhi.

Shughuli zenyewe zinastahili nusu ya mawazo yenu, na mara nyingi hupewa ukurasa wa mwisho. Nitatoa mfano wa kuogelea, kwa sababu mji wetu uko juu ya ghuba iliyotulia na bado watoto wengi wanakua bila kujua kuogelea. Programu inayotangazwa kuwa ni kila Jumamosi saa kumi alasiri itashindwa, kwa kuwa bahari haifuati kalenda ya ofisi. Muda wa maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hiyo hiyo maji yamekupwa. Ratiba ya mafunzo ichorwe kwa jedwali la kupwa na kujaa la mwezi mzima, ikichagua saa ambazo maji ni ya kiuno cha mtoto na yanapanda taratibu, na ibandikwe shuleni mapema. Wavuvi wa Tanga wanayajua haya kwa vidole, na ningependa kuona baadhi yao wakifunzwa uokoaji na kulipwa kuwa wasimamizi. Wasichana wapewe saa zao na mwalimu wa kike, wakivaa mavazi yanayowasitiri. Mkilipanga hilo tangu mwanzo wazazi watawaruhusu, na mkilisahau hamtawapata.

Shughuli nyingine hazihitaji hata jengo. Vikundi vya mchakamchaka vya alfajiri vinataka njia yenye taa na maji ya kunywa. Wazee wanataka meza za bao na drafti chini ya mti. Vikundi vya ngoma na taarabu vinataka jukwaa la chini lenye umeme na saa ya mwisho inayoheshimiwa na majirani.

Nije kwenye utunzaji, ambako mipango mingi hufia. Kila pendekezo la kamati liandikwe na gharama mbili pembeni yake: gharama ya kujenga, na gharama ya kukiweka kitu hicho katika hali nzuri kila mwaka, yaani mishahara, maji, taa, rangi, vipuri na kuzoa taka. Pendekezo lisilo na chanzo cha gharama ya pili liondolewe, hata kama mfadhili yuko tayari kulipa ya kwanza. Chemchemi mliyoitaja ingeondoka kwa kipimo hicho: inataka pampu, umeme na maji kila siku, na ikisimama inabaki dimbwi la kuzalia mbu. Kwa fedha ile ile mnaweza kupata bomba la maji ya kunywa na choo chenye mhudumu. Ada za wauzaji, kodi ya vibanda na malipo ya matamasha kwa kawaida huingia katika mapato ya jumla ya halmashauri na kupotelea humo, hivyo ombeni kupitia diwani wenu kwamba Baraza litenge kasma ya bustani yenye kiwango kinacholingana na makusanyo hayo. Kwa kazi za kila siku, kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu kinaweza kupewa mkataba wa usafi na kununua vifaa kwa mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Usafi wa kujitolea wa Jumamosi ni mzuri kwa mshikamano, lakini haumwagilii mche siku ya Jumatano.

Lililobaki ni muda. Mapendekezo yenu yatapita Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya kufika kwa wataalamu wa jiji na Baraza la Madiwani, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo hesabu ya watu na orodha ya viwanja vinapaswa kuwa mezani wakati wa vuli, bajeti inapoandaliwa. Miche nayo inataka kuoteshwa miezi kadhaa kabla ya masika, na mkisubiri fedha itoke ndipo mtafute kitalu, mtapanda wakati wa jua. Pelekeni karatasi fupi: ramani yenye umbali wa mita 400, jedwali la hesabu ya watu, ratiba ya uwanja mmoja wa majaribio mliyokubaliana na timu, na mapendekezo machache yenye gharama zake mbili mbili. Na mkiambiwa kwamba kwa mwaka huu fedha inatosha jambo moja tu, ombeni upimaji na bikoni za viwanja ambavyo havijapimwa. Ikibaki yoyote, iende kwenye miche, na taa na mabenchi vingoje bajeti inayofuata.